Miaka Yangu ya Kukimbiza Muji na Tepi

Ninyi wenye mulianza kazi ya kupima udongo na mipaka juzi, na ninyi wengine wenye mungali munatafuta parseli yenu ya kwanza, kiwanja cha kujengea, mutege masikio kidogo kabla hamujanunua buti. Nilishika tepi ya kupimia ku pwani hii ya ziwa Mweru tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi zote mpaka siku ofisi iliponiaga kwa blanketi na chupa ya soda. Blanketi lilikuwa zuri. Soda ilikuwa ya moto. Watu wa Nchelenge, muji wetu huu wa Zambia, wananiita Mama Bikoni, juu ya zile nguzo fupi za sementi tulizokuwa tunapanda ku pembe za parseli ili kila mutu ajue mupaka wake. Jina langu la ubatizo ni Eliza, lakini hakuna mwenye kulikumbuka isipokuwa mchungaji, na yeye pia anasitasita mbele ya kulitaja.

Kazi yetu ni nyepesi kueleza. Wakubwa walikuwa wanaketi mu mukutano na kuamua muji uishie wapi. Kisha sisi tulitumwa kwenda kuuambia muji. Muji haukuwa unasikia.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Wenye kufanya kazi mule wanajijua, na wengine ni ndugu zangu wa kanisa.

Angalieni kwanza vile Mungu alitupangia. Magaribi kuko ziwa. Kandokando ya ziwa kuko muchanga ambapo wamama wanaanika chisense, zile samaki ndogo zenye zinauzwa mpaka Lubumbashi. Ukijenga pale utapigwa na wamama mbele ya kupigwa na mawimbi. Kusini kuko dambo, bonde la majimaji lenye kukauka kidogo mwezi wa tisa ili kudanganya wageni. Udongo mukavu, muzuri, mwingi, uko mashariki. Kwa hiyo wakubwa wa zamani walipiga laini ya mupaka palepale mashariki, karibu na barabara kubwa, ili watu wasije wakaupata.

Ndani ya laini, muji. Ngambo ya laini, udongo wa shefu, mutawala wa kimila. Mwenye kuipiga alikuwa na rula nzuri na hakuwahi kufika huku, maana laini ilipita katikati ya kichuguu kimoja kikubwa kama kanisa. Nusu ya mchwa walikuwa raia wa muji, na nusu walikuwa watu wa kijiji. Sikusikia hata siku moja kwamba waligombana.

Sasa, ndani ya laini kulikuwa parseli kubwakubwa, na wenyewe wengi walikuwa Lusaka ama Kitwe. Waliotesha majani. Majani ya muji wetu yalikuwa na hati kamili, mihuri yote, na robine, bomba la maji, karibu. Ngambo ya laini hakukuwa hati wala robine, lakini kulikuwa mukubwa wa kijiji, muzee mwenye sauti ndogo. Ulikuja na kuku, ukamusalimia vizuri, ukamuelezea wewe ni mutoto wa nani. Alitembea na wewe, akavunja tawi, akasema, "Toka hapa mpaka ku ule muti." Basi. Umepata fasi. Kama muti ule ulikatwa baadaye, mulizungumuza tena, na kuku mwingine.

Mutu mwenye watoto watano na bila mushahara, munafikiri alienda upande gani? Sisi wa ofisi tulishangaa sana. Wataalamu walitoka mbali, wakafanya semina mu hoteli kuuliza kwa nini watu wanajenga nje ya mupaka. Tulikula kuku, pengine yuleyule. Mwishoni walikubaliana kwamba inatakiwa semina ingine.

Nilianza kazi hii kwa ufagio. Nilikuwa nafagia ofisi. Siku moja mushika-tepi aliugua, na Ba Kasongo, mupima wetu mukubwa, alichungulia mulangoni akaniuliza kwa Swahili kama najua kusimama bila kusogea. Yeye alijifunza kazi kule Congo, na alipojua mama yangu alitoka Pweto, ngambo ya maji, hakunisemesha tena Bemba hata siku moja mu kazi. "Vuta! Acha! Vuta tena! Eliza, unashika tepi ama unashika nyoka?" Nilijibu kwamba nyoka angekuwa anafanya kelele kidogo kuliko yeye. Akacheka, na mushika-tepi alipopona akapewa ufagio wangu.

Mambo aliyonifundisha Ba Kasongo ningali nayakumbuka, na nitawapa bule. Pima asubuhi. Kisha saa sita upepo wa ziwa unaingia, tepi inafanya tumbo, na ukisoma tepi yenye tumbo unampa mutu parseli fupi kuliko ile umemuandikia. Akija kugundua, atakutafuta mpaka kanisani. Chini ya kila bikoni, zika chupa tupu. Sementi watu wataing'oa wafanye jiwe la kuketea, lakini hakuna mutu anachimba kutafuta chupa yenye haina kitu. Na vyuma vya mupaka usivipende sana. Nusu ya vyuma nilivyopanda nilivikuta tena vimeshikilia sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, na nikakaribishwa bukari, ugali wetu, iliyopikiwa juu yake. Nilikula. Ningefanya nini?

Tena alinifundisha kuogopa jembe. Wakati angali kijana, alikuwa anapanga avenyi, njia kubwa ya muji, kwa dira, na mama mumoja mwenye kulima aliweka jembe lake karibu na miguu yake ili amusalimie. Sindano ya dira ikapenda chuma kile. Ba Kasongo akafuata sindano, watu wakafuata Ba Kasongo, na avenyi ile imepinda mpaka leo. Wenye nyumba pale wanasema ilipindishwa juu ya upepo muzuri.

Kulikuwa pia mukubwa mumoja mwenye alitaka kumaliza shida yote kwa mupigo mumoja. Ziwa lilikuwa limerudi nyuma miaka kadhaa, muchanga umekuwa mupana, na yeye akaona udongo wa bule. Tulitumwa kupanda bikoni pale. Wavuvi walipita na mitumbwi wakituangalia, wakiulizana kwa adabu kama wale watu wa ofisi wamekula kitu gani. Mvua ikaja vile mvua inakuja. Ziwa likarudi kuchukua fasi yake. Bikoni zile zikawa viti vya ndege, na watu wa Kilwa, ile ya ngambo ya ziwa, wakileta samaki walifunga mitumbwi pale. Ile njo sehemu pekee ya muji wetu yenye kila parseli ilikuwa na maji.

Ngambo ya laini, wakati huo, watu waliongezeka. Tuliita kule Ngambo tu, maana ku ramani kulikuwa kumeandikwa "pori". Lile pori lilikuwa na makanisa, mashini ya kusaga mihogo, bar yenye muziki, na fundi wa kinga, zile baiskeli, mwenye hakuwa na nafasi ya kula. Kila asubuhi wamama wa pori walivuka laini na ndoo, wakapanga foleni ku robine ya muji, katikati ya majani marefu yenye hati.

Kule njo nilimujua Mama Ngosa. Alikuwa mujane kutoka kisiwa cha Chisenga, mwanamuke mufupi, mwenye mabega mapana. Aliniambia vile alitoka. Ku kisiwa maji yalikuwa yanapanda mpaka mulangoni kila masika, na watoto wake walihitaji sekondari. Alivuka na mabati yake juu ya mutumbwi, watoto juu ya mabati, na kuku juu ya watoto. Alienda kwanza ofisini kwetu, kama raia mwema. Walimuambia hakuna parseli. Alitoka nje, akaona majani, akarudi ndani kuuliza yale majani ni ya nani. Walimuambia ni ya watu. Basi akatembea kwenda mashariki mpaka akaacha kuona bikoni, na pale akajenga nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili, na dirisha moja alilolipiga rangi ya bluu mwenyewe.

Kisha ofisi ikaamka. Wakubwa waligundua kwamba watu wengi kuliko wa muji wanaishi nje ya muji, na wakaamua mupaka usogezwe mbele ili uwameze. Shefu alikubali, mikono ikapeanwa, picha zikapigwa. Watu wa Ngambo walifurahi sana. Walifikiri robine inakuja.

Kile kilichokuja mbele ya robine kilikuwa plani. Barabara kwenye plani zilikuwa zimenyooka kama meno ya kitana. Tulipewa kopo ya rangi nyekundu, tupige alama ku kila nyumba yenye imesimama mu njia ya barabara. Mimi na Ba Kasongo tulipima, tukapima tena, na Ba Kasongo akapima mara ingine peke yake, akitumaini namba itakuwa na huruma. Barabara kubwa kuliko zote ilipita mu nyumba ya Mama Ngosa.

Tulimukuta anageuza samaki juu ya mukeka. Ba Kasongo alivua kofia.

"Odi, mukwai."

"Karibuni. Ba Kasongo, mbona unavua kofia? Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Tunaleta barabara."

"Kumbe! Natotela, asante sana. Itapita fasi gani?"

Ba Kasongo aliniangalia. Mimi niliangalia kopo ya rangi. Muzee yule, mwenye kelele zote zile, alianza kukunja tepi, na nikaona itakuwa kazi yangu.

"Itapita mu chumba chako cha kulala," nilisema.

Mama Ngosa aliendelea kugeuza samaki, moja moja, kama mutu mwenye hajasikia. Kisha aliuliza, "Na ikitoka mu chumba changu, inaenda wapi?"

"Ku dambo."

"Ku dambo kuko nini?"

"Maji."

"Alor, inaleta nani? Vyura?"

Plani haikuandika kitu juu ya vyura. Alisimama, akajipanguza mikono ku kitenge, akatuonyesha ukuta.

"Piga alama yako, mama. Hauko wewe mwenye ulichora. Lakini usichafue dirisha langu."

Niliipiga chini, karibu na musingi, ndogo kama nilivyoweza. Wadogo zangu, kuko siku mu kazi hii utashika brashi na mukono wako utakuwa kama wa mutu mwingine. Ile ilikuwa siku yangu. Tulirudi ofisini, Ba Kasongo akitembea mbele haraka kuliko siku zote.

Aliingia moja kwa moja kwa direkta, na mimi nyuma yake. Direkta hakuwa mutu mubaya. Alikuwa na feni, alikuwa na kiti chenye kuzunguka, na alikuwa anatuheshimu. Ba Kasongo alimuomba barabara ipinde kidogo, upana wa nyumba tu.

"Muzee, barabara haiwezi kupinda juu ya nyumba ya matofali mabichi," direkta alisema. "Tukipinda kwa mumoja, tutapinda kwa wote."

"Bwana direkta, mu muji huu kuko avenyi yenye ilipinda juu ya jembe. Haiwezi kupinda juu ya mutu?"

Direkta alicheka mpaka akatoa kitambaa akapanguza macho. Aliomba aelezewe hadithi yote ya jembe, akaita na sekretari aje asikie. Ba Kasongo aliieleza vizuri, na kicheko kilikuwa kikubwa. Kisha direkta akamupa Mama Ngosa muda mpaka mwisho wa mwezi, na barabara ikabaki vile ilivyokuwa. Tulipotoka, Ba Kasongo alisimama ku veranda akiwa na kofia mukononi.

"Nimewachekesha," alisema. "Nilienda kuomba, nikawachekesha."

Mama Ngosa hakungojea katapila. Asubuhi moja alipanda juu na kuanza kushusha mabati yake mwenyewe, na majirani wakaja, na wale wa kanisa lake wakaja wakiimba, mambo ya watu wetu, hata nyumba ikivunjwa lazima iwe na sauti ya pili na ya tatu. Ofisi ilikuwa imenituma kuhakikisha kazi inaenda sawa. Nilihakikisha kwa kubeba mulango kichwani. Ba Kasongo, karibu na pensheni yake, alibeba dirisha la bluu, akitembea polepole kama mutu mwenye kubeba mayai. Tulivuka laini mupya, ile tuliyoipima sisi wenyewe, na hatua chache mbele yake mukubwa wa kijiji alikuwa anangojea, na tawi mukononi.

Barabara ile ilikuja. Katapila lilipita mara moja, likaenda na kurudi, na sherehe ikafanyika. Leo ukienda utaikuta: mihogo imestawi sana pale, maana udongo ulilainishwa na serikali.

Na wale waliobaki, wale ambao alama nyekundu haikuwagusa? Hao walibahatika. Walikuwa wakaaji wa muji sasa. Robine ilifika kweli, siwezi kudanganya, na watoto waliacha kuugua tumbo kila masika, na kwa hiyo nashukuru mpaka leo. Lakini pamoja na robine zilifika ada, na sheria ya matofali ya kuchoma, na kijana mwenye pikipiki kuuliza choo kiko wapi na kina urefu gani. Mwalimu mwenye mushahara aliweza. Nesi aliweza. Mwenye kuuza chisense kwa kopo hakuweza. Mumoja mumoja waliuzia wenye mishahara, wakabeba mabati, wakavuka laini kumufuata Mama Ngosa. Ngambo ya zamani ikawa kartiye nzuri, mutaa wenye maua na mbwa na watu wachache. Ngambo mupya ikajaa. Muji ulipata udongo wote ule, ukapoteza watu wenye ulikuwa unawafuata. Wataalamu walirudi. Semina ilikuwa nzuri.

Vijana wa Mantapala, ile kambi ya wakimbizi kutoka Congo, wanapokuja soko kuuza mihogo, wananisalimia kwa Swahili na wananiuliza kwa nini muji huu umekaa hivi, bila kichwa wala mukia. Kule kambini kwao walikuta parseli zimepimwa sawasawa, barabara zimenyooka, na kila familia na fasi yake ya kulima. Nilienda kuona mwenyewe. Ni kweli, laini ni safi, Ba Kasongo angelia machozi ya furaha. Mu wilaya yote hii, watu wenye walipangiwa udongo mbele ya kufika ni wale tu wenye hawakuomba kuja. Sisi wengine wenye tulitaka kukaa hapa, tungali tunavunjiwa matawi.

Kisha na mimi nikaenda pensheni. Nilikuwa nimekaa nyumba ya ofisi miaka yote, na ofisi ilikumbuka haraka sana kwamba nyumba ni yake. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikaenda ku dirisha lile lile la kuombea parseli. Kijana wa pale alisimama, akaniheshimu kabisa.

"Bamayo, kweli ndani ya muji hakuna fasi."

"Mutoto wangu, kutoka hapa naona parseli nane zenye majani. Bikoni zake nilizipanda mimi."

"Ee, bamayo. Lakini ziko na wenyewe."

"Wako wapi?"

"Lusaka."

"Wanarudi lini?"

Alifikiri sana, akaniambia nijaribu tena mwaka kesho.

Nilitembea kwenda mashariki. Nilipita kartiye yenye maua, mbwa wakanibwekea wote, mumoja mumoja, nikafika kwa Mama Ngosa. Alikuwa amezeeka, na nyumba yake sasa ilikuwa ya vyumba vinne, na mutoto wake wa kwanza alikuwa mwalimu. Aliniona na mufuko wangu. Alicheka tu, akaketi chini akacheka tena, akinishika mukono ili nisikasirike. Niliona aibu kidogo. Kisha nami nikacheka. Siku ile ile alinipeleka kwa mukubwa wa kijiji, mutoto wa yule wa zamani, na nilikuwa na kuku mukononi kama kila mutu. Nilijenga mbele ya mvua. Mama Ngosa alisimamia mafundi kwa ukali mukubwa kuliko direkta yeyote niliyemutumikia.

Nimeishi pale vizuri. Halafu, juma lililopita, vijana wawili walikuja na kifaa chenye kuzungumuza na satelaiti. Mumoja alikuwa binti, buti zake zingali mupya. Waliniamkia vizuri, wakaomba ruhusa ya kupita.

"Munapima nini?" niliuliza, kama vile sijui.

"Mupaka mupya wa muji, mama. Unasogezwa tena."

"Utapita wapi?"

Binti aliangalia kifaa, akaangalia nyuma ya nyumba yangu, akaona haya.

"Nyuma ya choo chako, mama."

Niliwapa chai. Niliwauliza kama wanazika chupa chini ya bikoni, wakaangaliana, nikaenda kuwatafutia chupa. Walipanda bikoni yao pale, kazi safi, imenyooka. Kwa hiyo sasa mimi ni mukaaji wa muji, bila kusogea hata hatua moja. Nangojea yule kijana mwenye pikipiki. Choo changu kina urefu wa kutosha, nilikichimbisha nikimufikiria yeye.

Asubuhi yake niliposikia sauti nyuma ya nyumba nilitoka. Ngambo ya bikoni walisimama bwana na bibi wake, wageni, bwana na shoka, bibi na mutoto mugongoni, na mukubwa wa kijiji alikuwa na tawi mukononi. Bwana yule alikuwa anahesabu hatua zake kwa sauti, kwa Swahili ya kule kwetu ngambo ya maji, na alikuwa anaelekea pabaya, pale chini ambapo masika yote maji yanapita. Niliita, hakusikia. Basi nikavaa buti zangu, nikavuka mupaka, nikaenda kuwaonyesha udongo mukavu unaanzia wapi.